Matairi ya baridi au ya kiangazi? Amua kwa barabara ya saa 11 alfajiri

Kila Oktoba swali ni lilelile kwa Waswahili wanaoendesha magari Ujerumani: mchana kuna digrii 12, jua linawaka, theluji haionekani hata kwenye utabiri, je, tubadilishe matairi sasa au tungoje? Kipimajoto cha mchana hakiwezi kukujibu. Jiulize gari lako linatoka nyumbani saa ngapi na linapita wapi. Anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi zamu ya hospitali, ghala au nyumba ya wazee, akavuka daraja na kukatiza kipande cha msitu, ameshaingia majira ya baridi wiki kadhaa kabla ya jirani yake anayetoka saa 4 asubuhi kwenda sokoni.

Sababu yake ni hii. Usiku ukiwa hauna mawingu, lami hupoteza joto haraka kuliko hewa iliyo juu yake. Redio inasema digrii 3, dashibodi inasema digrii 3, lakini uso wa barabara umeshashuka chini ya 0 na umande umeganda juu yake. Daraja ndilo linalotangulia kuganda, maana linapigwa na baridi juu na chini, halina udongo wa kulipasha. Baada ya daraja hufuata sehemu za msituni ambako jua halifiki, kisha mabonde yenye ukungu karibu na mito. Magari mengi hulia na kuonyesha alama ya theluji hewa ikifika digrii 3 au 4. Watu wengi huipuuza kengele hiyo kwa sababu hawaoni theluji yoyote nje. Ipewe heshima yake: inakuambia kwamba kuanzia hapo huwezi tena kuiamini lami kwa macho tu.

Habari ya digrii 7

Kila gereji watakutajia digrii 7: chini ya hapo vaa ya baridi, juu ya hapo vaa ya kiangazi. Inafaa kukumbushia tarehe, lakini usiichukulie kama mstari uliochorwa. Mpira wa tairi la kiangazi haulali laini kwenye digrii 8 ukaamka mgumu kwenye digrii 6. Unakakamaa kidogo kidogo kadiri baridi inavyozidi. Kwenye lami kavu, tairi zuri la kiangazi bado linasimamisha gari vizuri hata karibu na digrii 0, mara nyingi mapema kuliko la baridi, kwa sababu kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ni vizima na vigumu, havipindiki ukikanyaga breki.

Kwa hiyo ukijikuta katikati ya Novemba bado una ya kiangazi, barabara kavu, digrii 5, hujafanya maajabu ya hatari. Hatari inaingia pale lami inapofunikwa na kitu: theluji, tope la theluji, barafu, au ule umande ulioganda. Hapo tairi la kiangazi linaishiwa kabisa. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mwendo wa kilomita 50 kwa saa tu, umbali wa kusimama unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa tairi la baridi. Na hali hiyo haitoi notisi ya wiki moja. Inashuka usiku mmoja, na asubuhi yake kila gereji imejaa na miadi inatolewa ya baada ya siku 10.

Ndiyo maana Wajerumani wana msemo wao, von O bis O: kuanzia Oktoba hadi Ostern, yaani Pasaka. Pasaka huhamahama kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, kwa hiyo mwisho huo wa pili uchukulie kwa akili. Tazama utabiri wa usiku, usitazame kalenda ya kanisa peke yake. Ushauri wetu kwa wenye zamu ya alfajiri: weka miadi mwishoni mwa Septemba, badilisha katikati ya Oktoba. Kwa wanaotoka mchana na kukaa tambarare, mwisho wa Oktoba unatosha. Kurudisha ya kiangazi, subiri mpaka usiku wa eneo lako uache kugusa 0 kwa wiki mbili hivi, ambayo kwa maeneo mengi ya Ujerumani ni katikati ya Aprili. Milimani ongeza wiki kadhaa.

Tofauti iliyomo ndani ya mpira

Chukua tairi la baridi, weka kidole gumba juu ya kashata moja, uisukume upande. Utaona inafunguka kama kurasa za daftari. Ile ni mikato myembamba, imepindapinda kama nyoka, na kila kashata inayo kadhaa. Tairi linapokanyaga theluji, mikato inafunguka, kingo zake zinauma, na theluji inanasa ndani yake. Theluji hiyo iliyonaswa ina kazi: theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira, jambo analolijua kila mtoto aliyewahi kuufinyanga mpira wa theluji mkononi. Ukiona tairi limebeba weupe kwenye mifereji yake, usidhani limeziba.

Jambo la pili ni mchanganyiko wa mpira wenyewe. Wa baridi umetengenezwa ubaki mnyumbufu chini ya 0. Wa kiangazi umetengenezwa uvumilie lami ya Julai bila kulegea. Huwezi kuvipata vyote viwili kikamilifu katika tairi moja, na anayekuambia amevipata anataka kukuuzia kitu.

Ulaini huohuo ndio unaofanya iwe vibaya kumalizia matairi ya baridi yaliyochakaa wakati wa joto. Watu wengi hufanya hivyo kwa hesabu ya kubana matumizi: bado yana milimita 4, acha yaishie Julai. Sheria ya Ujerumani haikatazi. Lakini kwenye lami ya moto, kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, umbali wa kusimama unaweza kuzidi kwa mita 10 na zaidi, na kwenye kona gari linayumba kama lina chembe ya ulevi. Mita 10 ni magari mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine.

Sheria inasema nini hasa

Ujerumani haina tarehe ya lazima. Sheria inatazama hali ya barabara: kukiwa na barafu, theluji iliyoshindiliwa, tope la theluji au umande ulioganda, gari linalotembea lazima liwe na matairi ya baridi. Gari lililoegeshwa halina kosa. Ukikamatwa, faini ni euro 60 na pointi 1 huko Flensburg, kwenye daftari la makosa ya madereva. Ukizuia wengine, kwa mfano umekwama kwenye mpando na foleni ikakaa nyuma yako, inakuwa euro 80. Ukihatarisha watu ni 100, na ikitokea ajali ni 120. Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: mwenye gari aliyemruhusu mtu mwingine aendeshe akiwa na matairi yasiyofaa naye ana faini yake, euro 75 na pointi 1. Kwa hiyo kabla ya kumwazima shemeji ufunguo Januari, tazama matairi kwanza.

Bima nayo ina neno lake. Ile ya kulipa wengine italipa, lakini ile ya gari lako mwenyewe inaweza kukukata sehemu ya fidia wakisema ulizembea.

Ipo pia habari ya alama, na hapa ndipo watu wanapigwa sana kwenye matairi yaliyotumika. Zamani herufi M+S, yaani tope na theluji, zilitosha. Tangu 1 Oktoba 2024 hazitoshi tena Ujerumani: tairi linahesabika kuwa la baridi likiwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Baada ya tarehe hiyo watu waliokuwa na seti za M+S tupu walizitoa stoo na kuziuza kwa bei ya kutupa, na bado zinazunguka mitandaoni. Ukiona seti ya euro 60 yenye kashata nene, mwombe muuzaji picha mbili kabla hujapanda treni kwenda kuiona: picha ya ule mlima, na picha ya namba ya DOT, ile ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi.

Namba ya DOT inaishia na tarakimu nne. Ikiwa ni 3522, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la baridi huzeeka vibaya kuliko la kiangazi kwa sababu ulaini ndio mtaji wake, na ulaini hupotea hata likikaa stoo. Likipita miaka 6, lichunguze. Likipita miaka 8, liache hata kama kashata zinang'aa. Binafsi singelipa chochote kwa tairi la baridi la miaka 7.

Kina cha mifereji: jipya lina milimita 8 hivi. Sheria inaruhusu mpaka 1.6, ila kwa theluji hiyo ni sawa na kipara. Chini ya milimita 4 uwezo wake kwenye theluji umeshaanguka, na Austria sheria yenyewe hailihesabu tena kuwa la baridi. Huna kipimo? Chomeka sarafu ya euro 1 kwenye mfereji mkuu: ule ukingo wa rangi ya dhahabu una milimita 3. Ukingo ukizama wote na ukabaki mpira wa kutosha juu yake, bado unalo tairi. Ukingo ukionekana, msimu umeisha. Pima mahali patatu, ndani, katikati na nje, maana bega la ndani ndilo huisha kwanza gari likiwa na alaimenti mbovu, na huwezi kuliona bila kupinda usukani.

Hata ya baridi yako aina mbili

Hili halisemwi vya kutosha. Matairi ya baridi ya Ulaya ya kati yametengenezwa kwa barabara ambayo kwa siku nyingi ni lami yenye maji, digrii 2 hadi 8, na theluji mara chache. Matairi ya kaskazini, yale ya Uswidi, Finland na Norwei yasiyo na misumari, yametengenezwa kwa barafu na theluji ya miezi, na mpira wake ni laini zaidi. Ukiyaleta haya Köln au Hamburg, kwenye mvua ya Desemba yatachelewa kusimama na mwendo mkubwa wa barabara kuu hayaupendi. Ukipeleka ya Ulaya ya kati Tampere, Finland, barafu ya Februari itakuonyesha kazi.

Namna ya kuyatofautisha ni ile lebo ya Ulaya inayobandikwa kwenye tairi jipya. Muundo wa sasa, uliotumika tangu Mei 2021, una herufi za ushikaji kwenye maji, A mpaka E, kisha michoro chini: mlima wenye theluji, na kwa baadhi, kilele cha barafu. Ukiona alama ya barafu na herufi ya maji ni D au E, hilo ni la kaskazini. Kwa Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji au Denmark tafuta lenye mlima na herufi B kwenye maji, au C isiyopungua. Ya misumari Ujerumani yamekatazwa, isipokuwa kipande kidogo mpakani karibu na Austria, usijisumbue nayo.

Ya misimu yote yanamfaa nani

Yanamfaa mtu wa gari dogo au la kati, anayeishi tambarare kama bonde la Rhein, anayetembea chini ya kilomita 10,000 au 12,000 kwa mwaka, na ambaye theluji ikishuka nzito anaweza kuliacha gari akapanda treni. Mtu huyo akinunua seti nzuri ya misimu yote yenye alama ya mlima, sheria imeridhika, stoo haihitajiki, na miadi ya Oktoba anaisahau. Tatizo ni kwamba anayepeleka wagonjwa huduma nyumbani, au vifurushi, au anayeishi milimani kama Allgäu, Harz, Erzgebirge au Sauerland, hana siku ya kuliacha gari. Huyo asidanganywe na urahisi. Vilevile mwenye gari zito la familia linalokwenda Italia au Uhispania kila Agosti likiwa limejaa mizigo: kashata laini kwenye lami ya digrii 50 zinaliwa kama sabuni.

Gharama mara nyingi huangaliwa kwa upande mmoja. Seti mbili ni pesa nyingi mwanzoni, lakini kila seti inatembea nusu ya mwaka tu. Ya misimu yote yanatembea miezi 12. Kinachoongezeka kwenye seti mbili ni rimu za pili, kubadilisha mara mbili kwa mwaka, na pengine kodi ya kuhifadhi.

Badilisha matairi yote manne, jamani. Kuweka mawili ya baridi mbele kwa sababu gari linavutwa na magurudumu ya mbele ni kosa linalozungusha watu. Gari litaondoka vizuri, litapanda mlima vizuri, kisha kwenye mteremko ukagusa breki, mbele itashika na nyuma haitashika, mkia utakupita. Gari la kuvuta magurudumu manne nalo linakusaidia kuondoka tu. Kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na mwenye 4x4 ya matairi ya kiangazi anaingia mtaroni sawa na wengine, tena kwa mwendo mkubwa zaidi.

Kubadilisha mwenyewe bila kuharibu kitu

Kwanza lugha ya gereji, kwa sababu inagusa mfuko. Räderwechsel ni kutoa gurudumu zima pamoja na rimu yake na kuweka jingine. Reifenwechsel ni kuvua mpira kwenye rimu, kuvalisha mwingine na kubalansi. La pili ni kazi kubwa na bei yake ni kubwa. Ukiwa na rimu mbili kamili, taja neno la kwanza waziwazi unapopiga simu.

La kwanza unaweza kulifanya nyumbani mahali pa tambarare, pagumu. Vuta handbreki, weka gia, zuia gurudumu la upande wa pili kwa kabari. Legeza boliti zote robo mzunguko gari likiwa bado chini. Ukishalipandisha gurudumu litazunguka na gari litacheza juu ya jeki. Jeki ikae kwenye alama yake chini ya kizingiti cha mlango, isikae kwenye plastiki wala karibu na betri ya gari la umeme. Gurudumu likigoma kutoka baada ya boliti kutolewa, limeshikwa na kutu kwenye habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake. Rudisha boliti mbili kwa ulegevu, kisha lipige kwa kiganja au kipande cha ubao upande wa ndani, huku na huku, mpaka liachie. Zile boliti mbili zinazuia lisikuangukie mguuni.

Likishatoka, chukua brashi ya waya usugue habu na sehemu ya rimu inayogusana nayo mpaka kutu yote ya unga iondoke. Kutu ikibaki, rimu hukaa upande kidogo, boliti hujiona zimekaza kumbe zimekaza kutu. Kutu hiyo inapovunjika njiani, boliti zinalegea zenyewe. Usipake grisi kwenye nyuzi za boliti, maana spana itakudanganya na utakaza kupita kiasi.

Tazama sana boliti zenyewe. Rimu za aloi na za chuma mara nyingi hazitumii boliti moja. Kichwa cha boliti kinaweza kuwa cha mviringo kama mpira au cha pembe kama koni, na ikiwa kiti cha rimu hakilingani nacho, mgusano unakuwa mdogo na boliti italegea hata ukiikaza vipi. Urefu nao: boliti ya aloi ni ndefu zaidi, na ukiitia kwenye rimu nyembamba ya chuma inaweza kupenya mpaka ndani na kugusa breki. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kulishusha. Likikwaruza au kukwama, simama hapohapo. Seti ya rimu za baridi iliyotumika ukiinunua bila boliti zake, umenunua nusu.

Mshale ubavuni wenye neno ROTATION uelekee mbele. Matairi mengi ya baridi yana mchoro wa V, na likifungwa kinyume linaviringisha maji kuyaingiza ndani badala ya kuyatoa. Kaza boliti kwa mkono kwanza, kisha kwa mfuatano wa nyota, kamwe usizunguke duara, shusha gari, malizia kwa spana ya kupimia nguvu. Magari mengi ya kawaida ni Nm (newtonimita) 110 hadi 120, mengine 140. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Hapo ndipo watu wengi wanasahau, na ndipo gurudumu linapoanza kugonga kwenye barabara kuu.

Seti inayolala uiandike kwa chaki mahali ilipotoka. Kushoto na kulia kwa Kiswahili zote zinaanza na K, kwa hiyo tumia za Kijerumani, VL, VR, HL, HR, yaani mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Hata fundi atazisoma. Msimu ujao yenye kashata ndefu yaende nyuma. Yenye rimu yapangwe yakiwa yamelala au yatundikwe. Yasiyo na rimu yasimame, uyazungushe kidogo kila baada ya wiki chache. Giza, ukavu, mbali na petroli na mafuta.

Upepo ujazwe matairi yakiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au kifuniko cha tangi. Kila digrii 10 zinazoshuka hula bar 0.1 hivi. Ukijaza bar 2.4 ndani ya gereji yenye digrii 20, asubuhi ya digrii 0 utasoma karibu 2.2. Ndiyo maana ile taa ya njano ya tairi lenye alama ya mshangao huwaka asubuhi ya kwanza ya baridi bila pancha yoyote. Magari mapya yote Ulaya yana mfumo huo tangu Novemba 2014. Ikiwa gari lako linatumia vihisi ndani ya rimu, seti ya pili nayo inahitaji vyake, na kuna magari yanayotaka kufundishwa upya kila badiliko. Kabla ya kununua rimu, uliza hilo.

Jambo moja tena la stika: tairi la baridi linaruhusiwa kuwa na herufi ya mwendo ndogo kuliko gari lako, tuseme T ya kilomita 190 au H ya 210, mradi ukomo huo umeandikwa kwenye stika mahali dereva anapouona. Na matairi mapya kabisa yanahitaji kilomita 200 au 300 za kwanza kwa upole, mpaka utando wa kiwandani uishe.

Ukivuka mpaka

Austria inataka matairi ya baridi kati ya 1 Novemba na 15 Aprili hali ya barabara ikiwa ya baridi. Uswidi ni 1 Desemba hadi 31 Machi kwa masharti kama hayo, na kina kisipungue milimita 3. Ufaransa ina wilaya za milimani kati ya 1 Novemba na 31 Machi. Uingereza haina sheria hiyo. Kwa ndugu zetu wa Quebec hakuna cha kutazama hali ya barabara: 1 Desemba hadi 15 Machi ni lazima, jua liwake lisiwake.

Na matairi hayahaya yakifika Mombasa au Dar es Salaam

Gari lililokuwa linatumika Hokkaido, Niigata au Nagano huko Japani likipakiwa melini majira ya baridi, hushuka bandarini na matairi lililokuwa nayo. Tazama ubavuni: neno STUDLESS, yaani tairi la barafu lisilo na misumari, limeandikwa wazi, kashata zina ile mikato ya kurasa za daftari, ukibonyeza ukucha unaingia. Muuzaji atakuambia matairi bado mapya, kina kipo, na kina kweli kipo. Lakini lami ya mchana ya pwani inaweza kupita digrii 50, na mpira ule ulitengenezewa barafu. Usukani unakuwa mzito wa kujibu, breki kwenye mvua inachelewa, kashata zinang'oka kingo, na mengi yana herufi Q, yaani ukomo wa kilomita 160, kwenye mpira ambao huenda umeshatimiza miaka 6.

Wapo wanaouziwa hayo kwa Njombe, Makete au Limuru kwa kuambiwa ni matairi ya nchi za baridi. Asubuhi ya digrii 6 yenye mvua haihitaji hilo. Kinachoteleza kule ni maji na tope la mfinyanzi, na kwa tope mikato myembamba haifui dafu. Inaziba katika mita 20 za kwanza. Kinachosaidia ni tairi la kawaida lenye mifereji mipana na kina kisichopungua milimita 4, au lile la njia mbovu kwa anayepita barabara ya udongo kila siku. Gari likishuka na STUDLESS, liendeshe taratibu mpaka kwa fundi wa matairi, ukiwa umeshaingiza bei ya manne mapya kwenye hesabu ya gari kabla hujalilipia.